Kasi na Akiba: Uhakiki wa Zoezi la Kutunga Hadithi Fupi kwa Muda Mfupi

Ikisiri

Zoezi la kutunga hadithi fupi kwa kasi, ndani ya muda uliowekwa, hutetewa kwa hoja kwamba kasi humfungua mtunzi na kumfikisha kwenye sauti yake mwenyewe. Makala hii inaihakiki hoja hiyo kwa kuiweka katika mazingira ya Kiswahili, ambamo watunzi wengi walijifunza kuandika hadithi kwa mara ya kwanza kupitia insha ya mtihani. Inadaiwa kwamba kinachotoka upesi kalamuni si lazima kiwe cha mtunzi mwenyewe. Mara nyingi ni akiba ya mafungu ya maneno aliyoikusanya shuleni. Dai hilo linajengwa kwa kuangalia kisa cha Franz Kafka cha mwaka 1912, insha katika mitihani ya Kenya, mwenendo wa kiambishi -ka- katika usimulizi, na utunzi wa mashairi wa papo kwa hapo.

1.0 Utangulizi

Katika tahakiki yake ya mwaka 1842 kuhusu hadithi za Nathaniel Hawthorne, Edgar Allan Poe aliipima hadithi fupi kwa muda wa kuisoma: kikao kimoja, cha nusu saa hadi saa mbili hivi. Kipimo hicho kilimhusu msomaji. Poe hakudai kwamba kazi inayosomwa kwa kikao kimoja huandikwa kwa kikao kimoja. Kinyume chake, alimtaka mwandishi aijue athari anayoikusudia kabla ya kuandika sentensi ya kwanza. Hata hivyo, katika mafunzo ya uandishi wa kubuni mambo haya mawili yamekuwa yakichanganywa. Kwa kuwa hadithi fupi ni fupi, huonekana kuwa ndiyo utanzu unaofaa kuandikwa upesi: mwanafunzi hupewa saa moja, pengine na neno au picha ya kumchokoza, kisha huambiwa aandike bila kusita na bila kurudi nyuma.

Zoezi hili lina faida, na makala hii haikusudii kulifuta. Tatizo liko kwenye maelezo yanayotolewa kuhusu kwa nini linafaa. Maelezo hayo yamerithiwa kutoka mazingira mengine, na yakiingizwa bila kuchujwa katika darasa la Kiswahili humfanya mhadhiri asome vibaya kile alichoandikiwa. Ataiona rasimu iliyojaa nahau, tanakali na vitenzi vinavyofuatana kwa mbio, aisifu kwa uhai wake, na asitambue kwamba anasifu kazi ya mwalimu wa darasa la saba.

2.0 Asili ya imani katika kasi

Imani kwamba mkono ukienda mbio hutoa kilicho cha kweli zaidi ina historia fupi inayoweza kufuatiliwa. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1919, André Breton na Philippe Soupault waliandika Les Champs magnétiques, kazi iliyochapishwa mwaka 1920, kwa kuacha maneno yaje bila mpango. Katika ilani yake ya mwaka 1924 Breton aliieleza mbinu hiyo: mtu aandike upesi, bila mada aliyoiandaa, upesi kiasi cha kutokumbuka alichokwisha kuandika na kutoshawishika kukisoma tena. Mwaka 1934 Dorothea Brande, katika Becoming a Writer, alimshauri mwandishi chipukizi aandike mara tu anapoamka, kabla ya kusoma gazeti au kuzungumza na mtu. Mwaka 1973 Peter Elbow, katika Writing Without Teachers, aliligeuza wazo hilo kuwa mazoezi ya darasani ya dakika kama kumi, ambamo sharti kuu ni kutosimamisha kalamu.

Ni ajabu kidogo kwamba mbinu iliyopewa nguvu na mtu aliyeidharau riwaya hadharani, kama Breton alivyofanya katika ilani hiyohiyo, imekuja kugeuzwa ngazi ya kufikia usimulizi. Lakini hilo ni la pembeni. La msingi ni dhana inayowaunganisha watatu hawa licha ya tofauti zao. Wote wanamwona mtunzi kama mtu mwenye tabaka mbili: juu kuna mhariri, mkaguzi au mwalimu, na chini kuna kitu kilicho chake mwenyewe. Kasi humchosha mkaguzi, na cha chini hupata mwanya wa kupanda.

Dhana hii haijiulizi swali ambalo mwanaisimu angeliuliza mapema: lugha ya tabaka hilo la chini ilipatikana wapi? Breton na Brande waliandika kwa lugha waliyokuwa wakiisema nyumbani tangu utotoni. Hali ya mtunzi wa Kiswahili hutofautiana sana na hiyo. Mwanafunzi wa chuo kikuu anaweza kuwa alilelewa kwa Kisukuma, Kikamba au Kiluo, akazungumza na wenzake kwa Sheng au kwa Kiswahili cha mtaani, na akakutana na Kiswahili sanifu cha maandishi darasani. Hata yule aliyezaliwa Lamu au Makunduchi, ambaye Kiswahili ni lugha ya mama yake, alilazimika kujifunza kuandika kwa lahaja isiyo yake. Kwa watunzi wa aina zote mbili, kilicho karibu zaidi na kalamu si kile kilicho karibu zaidi na ulimi.

3.0 Usiku wa Kafka

Watetezi wa kasi wana mfano mmoja wanaoupenda, na ni mfano mzito. Usiku wa tarehe 22 kuamkia 23 Septemba 1912, Franz Kafka, mtumishi wa taasisi ya bima ya ajali za wafanyakazi mjini Prague, mwenye umri wa miaka 29, aliandika hadithi yake Das Urteil, yaani “Hukumu”, kwa kikao kimoja. Alianza saa nne usiku, akamaliza saa kumi na mbili asubuhi. Shajara yake inaeleza furaha na uchovu wa usiku ule, na imani yake kwamba hivyo tu ndivyo inavyofaa kuandika. Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1913 katika kitabu cha mwaka kilichohaririwa na rafiki yake Max Brod, na wahakiki wengi huiona kuwa ndiyo iliyomfungulia njia ya kazi zake kuu.

Mfano huu ukisomwa kwa makini hausemi kile unachosemeshwa. Kwanza, usiku ule ulikuwa umetanguliwa na miaka ya majaribio. Katika shajara ya mwaka 1911 kuna kipande cha hadithi ambayo haikukamilika, Die städtische Welt, kinachohusu mwana anayebishana na baba yake. Mgogoro huo, ukiwa na ukali mwingine, ndio uti wa mgongo wa “Hukumu”. Zaidi ya hayo, mwezi mmoja kabla, tarehe 13 Agosti 1912, Kafka alikuwa amekwenda kwa Brod kupanga mfuatano wa vipande vya kitabu chake cha kwanza, na jioni hiyohiyo akakutana na Felice Bauer, ambaye baadaye aliitabaruku “Hukumu” kwake. Kasi ya usiku mmoja ilikuwa kasi ya mtu aliyekwisha kuijaribu njia na kupotea mara kadhaa.

Pili, uelewa haukuja pamoja na uandishi. Ilikuwa Februari 1913, Kafka alipokuwa akisoma nakala za kusahihisha kabla ya uchapaji, ndipo alipoandika katika shajara mahusiano aliyoyaona sasa katika hadithi yake: nafasi ya rafiki aliye mbali kati ya baba na mwana, na jinsi jina la mhusika wake, Georg, lilivyo na idadi ileile ya herufi kama Franz. Ni kana kwamba hadithi iliandikwa mara mbili, mara ya kwanza kwa mkono na ya pili kwa jicho, na kati ya mara hizo mbili palipita takriban miezi mitano.

Tatu, Kafka mwenyewe hakuweza kuurudia usiku ule alipotaka. Die Verwandlung aliianza tarehe 17 Novemba 1912 na kuimaliza usiku wa kuamkia tarehe 7 Desemba, baada ya kukatizwa na kazi na safari ya kikazi. Alimlalamikia Felice kwamba hadithi ya namna ile ingepaswa kuandikwa kwa vikao viwili vya saa kumi. Wasomaji wa leo wangepata shida kukubali kwamba wiki tatu zilizokatwakatwa ziliidhuru.

Kisa hiki hakithibitishi ubatili wa kasi. Kinachothibitika ni kwamba kasi huchota, na thamani ya kinachochotwa hutegemea kilichokuwamo kisimani. Kafka alikuwa na kipande cha mwaka 1911. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeambiwa “andika bila kusita” anacho kipi?

4.0 Insha ya mtihani kama shule ya hadithi

Anayo insha. Hakuna taasisi iliyozalisha hadithi nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa haraka kuliko chumba cha mtihani, na uhakiki wa fasihi umelipita jambo hili kimya kimya, labda kwa sababu hadithi hizo husomwa na msahihishaji mmoja kisha hupotea. Nchini Kenya, mtahiniwa wa KCPE, mtihani uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, alikuwa na dakika 40 za kuandika insha ya Kiswahili, na mara nyingi alipewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia. Katika KCSE, karatasi ya kwanza ya Kiswahili humpa mtahiniwa saa moja na dakika 45 za kuandika insha mbili, kila moja ikiwa na alama 20. Ya kwanza ni ya lazima, na kwa kawaida ni ya kiuamilifu, kama barua, hotuba au ripoti. Ya pili huchaguliwa kati ya tatu, na miongoni mwa hizo tatu mara kwa mara huwamo kisa cha kuthibitisha methali na kisa cha kumalizika kwa sentensi iliyotolewa. Mtahiniwa anayechagua kisa ana muda usiofika saa moja. Hili ndilo zoezi la kutunga hadithi kwa kasi, nalo limekuwa likifanywa kitaifa miaka mingi kabla ya kozi yoyote ya uandishi wa kubuni kuliita kwa jina hilo.

Masharti ya zoezi hilo huumba hadithi ya namna fulani. Kisa cha methali huanza kikiwa kimekwisha hukumiwa: aliyepuuza wosia lazima avunjike guu, na kazi ya mtunzi ni kumfikisha kwenye shimo. Kisa cha kumalizia kwa sentensi hukimbilia sentensi hiyo. Poe angeweza kudhaniwa kuwa na furaha hapa, kwani mwisho unajulikana kabla ya mwanzo. Tofauti ni kwamba Poe alitaka mwandishi auchague mwisho wake mwenyewe.

Kilicho na uzito zaidi kwa hoja hii ni lugha. Kwa kuwa msahihishaji hutuza msamiati na mtindo na hupunguza alama kwa makosa ya sarufi na ya hijai, walimu wenye bidii huwapa wanafunzi akiba ya mafungu yaliyo salama: yana madoido, na hayana hatari ya kosa kwa sababu yamekaririwa yakiwa mazima. Siku huanza kwa jua linalochungulia au jogoo anayewika. Mtu haendi, hupiga kiguu na njia. Hashtuki, kijasho chembamba humtoka na mate humkauka kinywani. Jambo halitokei hivihivi, hutokea ghafla bin vuu. Hakuna kibaya katika mafungu haya yakitazamwa moja moja. Mengine ni urithi mzuri wa lugha. Ubaya huanza yanapokuwa ndiyo kitu cha kwanza ambacho mkono hukishika kila unapoharakishwa.

Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), akiendeleza utafiti wa mwalimu wake Milman Parry, alionyesha kwamba mtambaji wa tenzi za Yugoslavia aliweza kutunga kwa kasi mbele ya hadhira kwa sababu alikuwa na akiba ya fomula zilizoshiba mdundo wa mshororo wake. Fomula hazikuwa uvivu. Zilikuwa nyenzo za kufanya utunzi wa papo hapo uwezekane. Insha ya mtihani imefanya jambo linalofanana na hilo kwa maandishi. Imemlea mtunzi wa fomula, ila imemnyima vile vinavyozipa fomula uhai: sauti, hadhira inayojibu, na nafasi ya kulivuta au kulikata fungu kulingana na nyuso zilizo mbele yake. Fanani anayesema “akaenda, akaenda, akaenda” hupimia umbali kwa pumzi yake. Ukiyaweka maneno hayohayo kwenye karatasi, msahihishaji ataona marudio tu.

Kutokana na hayo, madai ya Elbow yanahitaji kurekebishwa yanapofika Nairobi au Dodoma. Ni kweli kwamba kasi humnyamazisha mwalimu wa sarufi aliye kichwani mwa mwanafunzi, na hiyo si faida ndogo: wapo wanaoacha kabisa kuandika kwa kuogopa kosa la upatanisho. Lakini katika kichwa hichohicho yumo mwalimu wa pili, yule wa madoido, na huyo hanyamazishwi na kasi. Kasi ndiyo iliyokuwa somo lake.

5.0 Kiambishi -ka- na yale yasiyotokea

Athari ya kasi haiishii kwenye mafungu ya maneno. Inaingia katika mofolojia ya kitenzi, na hapa Kiswahili kinatoa ushahidi ambao vitabu vya mafunzo vya Kiingereza visingeweza kuugusa. Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya mjadala huu, kwa kufuata desturi ya insha:

Jua lilikuwa limeanza kuchungulia Musa alipodamka. Akaoga, akavaa, akapiga kiguu na njia hadi stendi. Ghafla bin vuu, basi likatokea. Abiria wakashuka. Moyo ukamwenda mbio, kijasho chembamba kikamtoka. Akatafuta huku na kule, akamkosa mama yake, akaangua kilio.

Baada ya sentensi ya kwanza kutia nanga kwa -li-, kila kitenzi kikuu kinachukua -ka-: vitenzi kumi kwa mfululizo. Huu ndio mwenendo wa kawaida wa usimulizi wa Kiswahili, na hakuna anayeweza kusimulia vizuri bila -ka-. Kwa mtunzi mwenye haraka, hata hivyo, -ka- ni mteremko. Kikishaanza, hakimtaki achague njeo tena. Kila tukio huegemea lililotangulia, na uhusiano kati ya matukio hubaki kuwa mmoja tu, yaani kufuatana. Kuoga na kumkosa mama vinapewa uzito uleule.

Jambo la pili halionekani kwa urahisi. Kiambishi -ka- cha usimulizi hakina umbo lake cha ukanushi. Anayetaka kusema kwamba mhusika hakufanya jambo fulani hulazimika kutoka kwenye mfululizo, ama kwa kutumia hakusema, ama kwa kutumia asiseme. Kutoka huko kunahitaji kusita, na kusita ndiko zoezi la kasi linakokukataza. Matokeo yake ni hadithi yenye yaliyotokea tu. Katika kifungu cha hapo juu hakuna kitenzi hata kimoja cha kukanusha. Hata kutokuwapo kwa mama, ambako ndiko kiini cha tukio, kumeelezwa kwa kitenzi cha kuyakinisha: akamkosa.

Hilo si dogo katika utanzu wa hadithi fupi, ambao nguvu yake mara nyingi imo katika jambo lisilosemwa, mgeni asiyefika, au swali lisiloulizwa. Kifungu hichohicho kikirudiwa na mtunzi aliyepewa muda na kukatazwa mafungu ya shuleni, kinaweza kuwa hivi:

Basi lilipoegeshwa, abiria walishuka mmoja mmoja hadi wakaisha. Mama hakuwamo. Konda alifunga mlango, akaufungua tena, akachungulia ndani kana kwamba na yeye alikuwa akimtafuta mtu. Hakumwuliza Musa alikuwa akimsubiri nani. Musa naye hakusema.

Vitenzi vya -ka- sasa ni vitatu, na ukanushi umeingia mara tatu. Asubuhi imetoweka, jasho limetoweka, na kilio kimetoweka. Konda, ambaye hakuwamo kabisa katika rasimu ya kwanza, amepata kazi ya kufanya. Mifano miwili ya kutungwa haithibitishi kanuni, na hapa haidaiwi kwamba kila -ka- iliyopunguzwa ni hatua ya maendeleo. Inachoonyesha ni mahali pa kutazama. Mhadhiri anayesoma rasimu za kasi angefaidika zaidi kwa kuhesabu vitenzi vya kukanusha kuliko kwa kuhesabu nahau.

Kuna kinaya hapa ambacho nadharia ya tabaka mbili haikukitarajia. “Mama hakuwamo” ni sentensi ambayo mtu yeyote angeitamka akirudi nyumbani kutoka stendi. “Kijasho chembamba kikamtoka” ni sentensi ambayo hakuna anayeisema. Rasimu ya haraka iko mbali na usemi. Iliyorudiwa ndiyo iliyosogea karibu nao. Kwa mtunzi huyu, sauti yake mwenyewe si kitu kinachobubujika akiacha kufikiri. Hupatikana akiachiwa nafasi ya kuyakataa maneno yaliyokuja kwanza.

6.0 Mashairi yanaenda kasi kwa njia nyingine

Huenda ikapingwa kwamba Waswahili wamekuwa wakitunga papo kwa hapo kwa karne nyingi, na kwa ufanisi. Pingamizi hilo ni la haki. Katika ngoma ya gungu washairi walifumbiana na kufumbuliana palepale, na majibizano ya kishairi ni sehemu ya sifa ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840 na ambaye diwani yake ilichapishwa baada ya karne nzima, mwaka 1940, ikihaririwa na William Hichens. Ikiwa mshairi aliweza, kwa nini mwandishi wa hadithi ashindwe?

Jibu limo katika kina. Mshairi anayetunga shairi la mizani 16, nane kwa ukwapi na nane kwa utao, mara nyingi hawezi kulichukua neno linalomjia kwanza. Neno hilo huenda linaishia kwa silabi isiyofaa, au lina silabi moja zaidi. Kwa kuwa silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia kwa irabu, kina hudai silabi nzima, konsonanti na irabu yake. Anayehitaji -mbo hawezi kutosheka na -o. Sharti hili humsukuma mtunzi alipite neno la kwanza, na pengine la pili, hadi afikie neno ambalo hakulikusudia, na mara kwa mara neno hilo ndilo linaloibadilisha maana. Kasi ya malenga ina lango ndani yake. Nathari haina lango. Fungu la kwanza hupita bila kuulizwa. Ndiyo maana mshairi mwenye haraka anaweza kushangaza, ilhali msimulizi mwenye haraka hujirudia.

Hapa ndipo zoezi lingeweza kupata msingi ulio wake, bila kukopa imani ya Breton. Hadithi ya kasi inahitaji kitu kinachofanya kazi ya kina.

7.0 Masharti badala ya uhuru

Sharti linalofaa ni lile linaloziba njia ya akiba ya shuleni bila kumrudisha yule mwalimu wa sarufi. Kumwambia mwanafunzi “usitumie nahau” hakusaidii, kwa sababu kunamfanya ajikague kila neno na kasi inapotea. Masharti ya umbo hufanya kazi vizuri zaidi kwa kuwa hutimizwa mara moja na kusahaulika: sentensi ya kwanza iwe ya kukanusha, tukio lianze adhuhuri au baadaye, hadithi isitoke nje ya chumba kimoja, mhusika mkuu asipewe jina, methali isitajwe, hata kwa mbali. Sharti la sentensi ya kwanza ndilo lenye mzigo mkubwa. Mtunzi aliyeandika “Mama hakuwamo” hana nanga ya -li- ya kawaida ya kuteremkia, na kabla ya kuanza kukimbia lazima aamue kwa nini kutokuwamo huko kuna maana.

Muda nao unahitaji kupangwa upya. Ikiwa kisa cha Kafka kinafundisha lolote darasani, ni kwamba kikao cha kuandika na kikao cha kusoma visiwe siku moja. Rasimu ya saa moja ikikusanywa na kurudishwa baada ya wiki tatu, bila alama na bila wino mwekundu, mwanafunzi hukutana nayo kama nakala ya kusahihisha. Akiulizwa aonyeshe ni sentensi zipi angeweza kuzitamka mbele ya nduguze bila kuchekwa, ataona mwenyewe zilizotoka shuleni. Sheng, Kimakunduchi au Kiswahili cha Lubumbashi anaweza kuingia hapo, katika mazungumzo ya wahusika kwanza. Wale wanaohofia usanifu wa lugha wana haki ya kuhofia, lakini usanifu unaolindwa kwa jua linalochungulia kila asubuhi haulindi kitu kikubwa.

Linabaki suala la tathmini, na ni gumu. Rasimu ya kwanza ikipewa alama, zoezi linarudi kuwa mtihani, na akiba yote inarudi nayo. Ikiwa kinachopimwa ni umbali kati ya rasimu mbili, mwanafunzi mwerevu ataandika ya kwanza vibaya kwa makusudi ili umbali uwe mkubwa. Aidha, katika darasa kubwa, mhadhiri mmoja hawezi kusoma rasimu mbili za kila mtu kwa makini unaostahili. Kusomeana kwa jozi kunapunguza mzigo, lakini msomaji wa jozi hiyo amelelewa na insha ileile, na anaweza kukipenda zaidi kijasho chembamba.

Hata masharti yenyewe yana umri. Sentensi ya kukanusha mwanzoni itafanya kazi kwa kundi la kwanza na pengine la pili. Kundi la tatu litakuwa limesikia kutoka kwa waliotangulia, na litaingia darasani na sentensi zake za kukanusha zikiwa zimekwisha kukaririwa, moja ya stendi, moja ya hospitali, moja ya msibani. Mhadhiri atakayetaka zoezi liendelee kuwa zoezi atalazimika kubadilisha sharti kila mwaka, na kutolitangaza hadi saa ya kuandika.